Kubeti Mpira: Mchezo Unapogeuka Ugonjwa wa Nyumba Nzima

Mwezi huu hatutazungumzia malaria wala kuhara. Tutazungumzia tatizo ambalo haliletwi hospitalini kwa jina lake. Mgonjwa huja akisema hana usingizi, kichwa kinamgonga, tumbo linamchoma, au moyo unamwenda mbio. Tukimpima malaria, hana. Tukimpima presha, imepanda kidogo. Tunampa dawa, na baada ya wiki mbili amerudi na maneno yale yale. Tukikaa naye faraghani na kumwuliza kwa upole habari za nyumbani na za fedha, ndipo jambo lenyewe hujitokeza: anadaiwa, mke hajui, na fedha zimekwenda kwenye kubeti.

Kwetu Ufipa tatizo hili lina majira yake. Mahindi na maharage yakishavunwa na kuuzwa, kati ya Juni na Septemba, fedha huingia nyumbani kwa mkupuo mmoja. Hizo ndizo mbolea na mbegu za mvua za Novemba, sare na madaftari ya Januari, na chumvi, sabuni na matibabu hadi mavuno mengine. Na mwezi Agosti, gunia la mwisho linapouzwa, ndipo ligi kuu ya Uingereza na ligi nyingine za Ulaya zinapoanza. Mwenye mshahara akipoteza wa mwezi huu, anangoja mwezi ujao. Mkulima wa Laela, Matai au Namanyere akipoteza fedha za mahindi mwezi Agosti, atangoja mwaka mzima.

KUBETI NI NINI?

Kubeti ni kamari. Mtu huweka fedha, yaani dau, akitabiri jambo ambalo halijatokea. Likitokea analipwa zaidi ya dau lake, lisipotokea dau limekwenda. Anaweza kubeti mechi moja, au kuunganisha mechi nyingi katika tiketi moja ambayo vijana huiita mkeka. Mechi moja ikienda kombo, mkeka wote umechanika.

Kamari si ngeni. Watu wamecheza karata kwa fedha tangu zamani. Kilicho kipya ni simu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwetu mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Siku hizi fedha hutoka mfukoni bila mtu kuinuka kitini. Mwaka 2017 kampuni ya SportPesa ilianza kudhamini Simba na Yanga, na Julai mwaka huo klabu ya Everton ya Uingereza ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya kwa udhamini huo huo. Tangu hapo mtoto anayeipenda timu yake hulisoma jina la kampuni ya kubeti kabla ya jina la mchezaji.

Kisheria, hii ni biashara halali kwa watu wazima. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, ambayo hutoa leseni. Mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Basi mtoto wa darasa la sita anayetumbukiza sarafu katika zile mashine ambazo watu huziita dubwi anavunja sheria, na mwenye mashine anayemruhusu anavunja sheria pia.

HESABU ILIYO NYUMA YA TIKETI

Wengi hudhani kubeti ni mashindano ya kuujua mpira. Tuitazame hesabu yake, kwa kuwa mgonjwa akiielewa, nusu ya dawa ameshaipata.

Kila mechi huwekewa namba ya kuzidisha, ambayo vijana huiita odi. Odi ikiwa 1.85, dau la shilingi 1,000 hurudi kama shilingi 1,850. Yanga ikicheza na timu dhaifu, kila mtu anajua Yanga ina nafasi kubwa. Kwa hiyo kampuni hutoa kubeti kwa hendikapu: katika tiketi Yanga inapunguziwa goli moja na nusu. Ili ushinde, lazima Yanga ishinde kwa magoli mawili au zaidi. Ikishinda goli 1 kwa 0, Yanga imepata pointi zake tatu, lakini wewe umepoteza dau.

Mtindo huu umeenea sana Marekani. Huko vyuo vikuu hucheza futiboli yao ya mpira wenye umbo la yai, na mwisho wa msimu timu bora huingia katika mtoano. Ulianza na timu 4 katika msimu wa 2014, na tangu msimu wa 2024 ni timu 12. Wanaobeti mechi hizo kwa kawaida hawaulizi nani atashinda. Huuliza kama timu kubwa itashinda kwa zaidi ya pointi zilizotajwa, tuseme 7 na nusu. Namba hiyo huwekwa ili pande mbili zionekane sawa. Bei ya kawaida ni kuweka dola 110 ili kupata faida ya dola 100. Watu wawili wakibeti kinyume, wameweka dola 220 kwa jumla. Mshindi anachukua 210. Dola 10 zinabaki kwa kampuni, ashinde yeyote. Kwa bei hiyo mtu lazima apatie zaidi ya mara 52 katika 100 ndipo asipate hasara, na hata wataalamu huona kazi kubwa kufika hapo kwa miaka mfululizo.

Sasa rudi Sumbawanga. Watu wawili wakibeti hendikapu ile ya Yanga, kila mmoja upande wake, kwa odi 1.85 na dau la 1,000, mezani kuna 2,000. Mshindi huondoka na 1,850, kabla ya kodi ya ushindi. Shilingi 150 zimebaki. Kampuni haina haja ya kujua nani atashinda. Na yale unayoyajua wewe, kwamba mshambuliaji ameumia au kipa ni mgeni, waweka odi wanayajua pia, na tayari yamo ndani ya namba. Ujuzi wako wa mpira umeshahesabiwa kabla hujaweka shilingi.

Mkeka ndio mbaya zaidi. Tuseme umechagua timu nzuri, kila moja ina nafasi 6 katika 10 za kushinda. Timu mbili zikishinda pamoja, nafasi ni 36 katika 100. Timu tano, ni karibu 8 katika 100. Timu kumi, ni 6 katika 1,000. Ukiweka shilingi 1,000 kila siku kwa siku 1,000, yaani karibu miaka mitatu, umetoa shilingi 1,000,000. Kwa wastani utashinda mara 6. Ikiwa kila odi ilikuwa 1.55, kila ushindi unakupa karibu shilingi 80,000. Jumla ni 480,000. Umepoteza zaidi ya nusu milioni, ingawa ulichagua timu nzuri na ulishinda mara sita. Lakini kijijini watu watakumbuka zile siku sita, kwa sababu siku hizo ulinunua soda kwa wote. Zile 994 hakuna aliyezitangaza.

Jihadharini pia na wanaouza mechi za uhakika kwa njia ya simu. Ujanja wao ni rahisi. Mtu ana namba za watu 800. Wiki ya kwanza anawaambia 400 kwamba magoli yatakuwa mengi, na 400 kwamba yatakuwa machache. Nusu wameona amepatia. Wiki ya pili anawagawa hao 400, na ya tatu anawagawa wale 200 waliobaki. Mwisho kuna watu 100 ambao wamemwona akipatia mara tatu mfululizo bila kukosea. Hao ndio anaowaomba fedha, na hao ndio watakaouza mbuzi kumlipa.

KWA NINI MTU HAACHI?

Jirani husema, huyo ni mvivu na mtovu wa akili. Sivyo. Wengi tunaowaona ni wachapakazi: dereva wa bodaboda, fundi, mwalimu, mkulima mwenye maksai wake.

Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini. Hutoka tunapopata au tunapotazamia jambo jema, nayo hutufundisha kulirudia. Zawadi ikija kila siku, ubongo huizoea. Zawadi isiyojulikana itakuja lini ndiyo inayoushika ubongo zaidi. Basi mtu anangoja filimbi ya mwisho, moyo unadunda, na hata akikosa, mwili umeshaonja ule msisimko.

Tena kuna kukosa kidogo. Mkeka wa mechi kumi ukichanwa na mechi moja, mtu hajioni kuwa ameshindwa. Hujiona alikuwa karibu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba kukosa kidogo huamsha sehemu zile zile za ubongo zinazoamshwa na ushindi, na humfanya mtu atake kucheza tena. Mtu anayesema "timu moja tu imeniangusha" anasema kweli kuhusu mkeka, lakini ubongo unamdanganya kuhusu kesho.

Kosa lingine ni kudhani kwamba bahati ina deni: nimekosa mara nyingi, sasa ni zamu yangu. Agosti 1913, katika nyumba ya kamari ya Monte Carlo, kigololo kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kuweka fedha kwenye nyekundu wakiamini kwamba lazima ije, nao walipoteza mali nyingi. Kigololo hakina kumbukumbu. Wala mechi ya Jumamosi hii haijui kwamba ulikosa Jumamosi iliyopita.

Wengine huenda kwa waganga kutafuta dawa ya bahati, wakaongeza deni juu ya deni. Jina la mji wetu, Sumbawanga, wazee hulifasiri kuwa "tupa uchawi". Ni ushauri mzuri hapa pia. Hakuna mzizi unaobadili hesabu tuliyoieleza.

Elimu ya tiba inautambua ugonjwa huu. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuingiza katika kitabu chake cha magonjwa ya akili, na mwaka 2013 kikauweka kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani linautaja katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Jopo la wataalamu la jarida la tiba la The Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu wazima wapatao milioni 80 duniani wana ugonjwa wa kamari au uchezaji wenye madhara.

DALILI ZA KUANGALIA

Si kila anayebeti ni mgonjwa. Madaktari huuliza mambo tisa yafuatayo kuhusu miezi 12 iliyopita:

1. Je, anahitaji kuongeza dau ili apate msisimko ule ule?
2. Je, akijaribu kupunguza huwa mkali au hatulii?
3. Je, amejaribu kuacha mara nyingi akashindwa?
4. Je, mawazo yake yapo kwenye kubeti muda mwingi?
5. Je, hubeti anapokuwa na huzuni, wasiwasi au hatia?
6. Je, akipoteza hurudi kesho yake ili azirudishe fedha zilizopotea?
7. Je, hudanganya kuhusu kiasi anachobeti?
8. Je, ameharibu ndoa, kazi, masomo au urafiki kwa ajili ya kubeti?
9. Je, hutegemea wengine kumtoa katika shida za fedha zilizoletwa na kubeti?

Majibu ya ndiyo yakifika manne au zaidi, mtu huyo ahesabiwe kuwa anahitaji msaada wa tiba. Dalili ya sita, ya kukimbiza hasara, ndiyo ambayo mara nyingi huanguka nayo nyumba. Mtu aliyepoteza 20,000 huweka 50,000 ili azirudishe, kisha hukopa.

Nyumbani mtaona ishara nyingine: simu inafichwa na kubadilishwa namba ya siri, mahindi ghalani yanapungua pasipo maelezo, fedha za kikoba hazikufika, usiku mtu yuko macho akitazama matokeo ya nchi ambayo hata jina lake haijui. Kwa mtoto, ishara ni utoro, sarafu zinazopotea dukani, na marafiki wanaomdai.

MADHARA YANAYOFIKA MEZANI

Shilingi 1,000 kwa siku huonekana ndogo. Kwa mwezi ni 30,000. Wakati ule CHF iliyoboreshwa ilipokuwa ikitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, dau la mwezi mmoja lilitosha kuikatia familia nzima kadi ya matibabu. Kwa mwaka ni 365,000. Kaeni na bei za mwezi huu mpige hesabu: ni mifuko mingapi ya mbolea, ni trei ngapi za mayai?

Tunataja mayai kwa makusudi. Mkoa wetu wa Rukwa hulima chakula hadi kikalisha mikoa mingine, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wana udumavu, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30 katika 100. Udumavu una sababu nyingi, na hatusemi kwamba umeletwa na kubeti. Tunasema kwamba mtoto anayekula ugali bila yai, bila maharage na bila dagaa hana akiba ya kupoteza. Fedha ya mboga ikipotea, mwili wake ndio unaolipa.

Kisha huja madeni. Mtu huanza na mkopo mdogo wa simu, akaingia katika mikopo ya riba kubwa ambayo watu wameipa jina la kausha damu, akaweka rehani pikipiki au shamba. Ugomvi huanza, pombe huongezeka, na wengine hupigana.

Hatari kubwa kuliko zote ni kukata tamaa ya maisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 huko Sweden uliona kwamba vifo vya kujiua kati ya watu wenye ugonjwa wa kamari vilikuwa karibu mara 15 ya vile vya watu wengine. Kwa hiyo mtu mwenye madeni ya kubeti akisema "ni heri nisiwepo", akiaga ndugu au kugawa vitu vyake, msidhani anatafuta huruma. Msimwache peke yake. Mwulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Sumu za wadudu na dawa za kuhifadhia mahindi zifungiwe, na ufunguo akae nao mtu mwingine. Mleteni hospitalini siku hiyo hiyo. Akiwa ameshakunywa kitu, msimlazimishe kutapika, msimpe maziwa wala mafuta. Mkimbizeni, na mje na chupa au pakiti ya alichokunywa.

LA KUFANYA

Kwa anayebeti na ameona dalili ndani yake:

- Mwambie mtu mmoja unayemwamini ukweli wote, pamoja na jumla ya madeni. Siri ndiyo chakula cha ugonjwa huu.
- Funga akaunti za kubeti. Kampuni nyingi zina utaratibu wa mtu kuomba afungiwe. Omba kufungiwa moja kwa moja, si kwa wiki moja. Futa programu zake katika simu, na ondoka katika makundi ya mikeka.
- Kwa miezi ya mwanzo, fedha zishikwe na mke, mume au mzazi. Laini yenye fedha ibaki kwake. Hii si aibu, kama vile mgonjwa wa mguu haoni aibu kutembelea gongo.
- Hamu ikija, ahirisha kwa nusu saa na fanya kazi ya mikono au tembea. Hamu hupanda kisha hushuka.
- Usikae mahali pa kuonyeshea mpira palipo na dirisha la kubeti. Mpira unaweza kuusikiliza redioni nyumbani.
- Usijaribu kurudisha kilichopotea. Kihesabu kama mazao yaliyochukuliwa na mafuriko. Shamba bado lipo.

Kwa familia:

- Chagueni saa ya utulivu, siyo wakati wa hasira wala mbele ya watoto. Anzeni na mnachokiona: "Baba, fedha za mbolea hazipo, nasi tuna wasiwasi nawe." Msianze na matusi.
- Msimlipie madeni yote kwa mara moja huku yeye anaendelea kucheza. Mama wengi huuza ng'ombe ili kumwokoa mwana, na baada ya mwezi deni jipya limezaliwa. Aandike madeni yote, mkubaliane na wadai kulipa kidogo kidogo, naye alipe kwa jasho lake.
- Linda kwanza chakula. Mkishavuna, tengeni magunia ya kula na mbegu kabla ya kuuza. Fedha za kuuza zigawanywe siku ile ile: mbolea inunuliwe mapema, za shule ziende kwenye akaunti au kikoba kinachohitaji saini zaidi ya moja.
- Laini ya simu ya mzazi isitumiwe na mtoto, na namba ya siri isijulikane kwake. Ukimwona mtoto anachezeshwa mashine, toa taarifa serikali ya kijiji au mtaa. Kwa mtoto aliye katika hatari, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni ya bure.

Hospitalini:

Hatuna sindano ya kuondoa kubeti. Tiba iliyo na ushahidi zaidi ni mazungumzo ya kitaalamu, ambapo mgonjwa hufundishwa kuyatambua mawazo ya uongo, kama lile la zamu yangu imefika, na kujipangia njia nyingine za kutumia muda na fedha. Tunatibu pia yanayoambatana nayo: sonona, pombe na kukosa usingizi. Hatua ya kwanza ni zahanati au hospitali iliyo karibu. Wenye hali nzito hupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, na wakihitaji zaidi, Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Semeni neno lenyewe, kubeti, mnapofika. Mhudumu asipolisikia atatibu kichwa peke yake.

Inasaidia pia kukutana na waliopitia njia hiyo. Huko Los Angeles, Marekani, watu wenye tatizo hili walianza mwaka 1957 chama cha kusaidiana kuacha kamari, nacho kimeenea nchi nyingi. Hakuna kinachozuia vijana watano wa VIWAWA au wanaume wachache wa jumuiya kukutana kila wiki na kuambiana ukweli.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, kubeti ni dhambi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haisemi kwamba michezo ya bahati yenyewe ni uovu. Inafundisha kwamba haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale anaowajibika kuwatunza, na inaonya kwamba hamu ya kamari inaweza kuwa utumwa. Fedha ya mbolea si fedha ya mchezo.

Mbona jirani ameshinda na kujenga? Wapo wanaoshinda. Kampuni hulipa washindi, na huwatangaza, kwa sababu bila wao hakuna atakayecheza. Lakini fedha ya mshindi mmoja imetoka mifukoni mwa wengi waliopoteza, baada ya kampuni kutoa sehemu yake.

Serikali zinafanya nini? Nchi jirani zimejaribu njia mbalimbali. Uganda ilitangaza Januari 2019 kwamba haitatoa leseni mpya kwa kampuni za kubeti za kigeni. Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 kuanzia mwishoni mwa Aprili 2025. Nako Uingereza, klabu za ligi kuu zilikubaliana mwaka 2023 kuyaondoa majina ya kampuni za kamari kifuani mwa jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Sheria husaidia, lakini haitahesabu magunia yaliyo ghalani mwako.

Mwanangu hubeti shilingi 500 kwa wiki. Nimkataze? Akiwa chini ya miaka 18, ndiyo, bila majadiliano. Akiwa mkubwa, kaa naye mfanye ile hesabu ya siku 1,000 kwa kalamu na karatasi. Mwombe aandike kila dau na kila ushindi kwa miezi mitatu. Daftari litamwambia lile ambalo akilisikia kwako atadhani ni ukali wa wazee.

KWA MAJADILIANO KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa au kijiji chetu, watoto hukutana wapi na kamari, na nani anawajibika mahali hapo?
2. Fedha za mavuno katika nyumba yetu hugawanywaje, na nani hushiriki kuamua?
3. Kama mwenzetu angetuambia leo kwamba ameshindwa kuacha kubeti, je, tungemcheka au tungemsindikiza hospitalini?

Swali la tatu ndilo kubwa. Wagonjwa wengi huchelewa kwa sababu ya aibu, na wakati wanachelewa ghala linakwisha. Basi ukimjua mmoja, usingoje mkeka mwingine uchanike. Mtembelee wiki hii, umsikilize, na ukubaliane naye siku ya kuja. Milango yetu iko wazi, na siri ya mgonjwa tunaitunza.